Spika mbili na sabufa: njia nne za kuanza mfumo wa muziki nyumbani

Mtu anayetafuta mfumo wake wa kwanza wa muziki hupokelewa na mikogo kabla ya muziki: boksi hili limeandikwa wati 5000, lile lina taa zinazocheza, la tatu lina sabufa ya kutisha watoto. Weka yote hayo kando kwa muda. Maswali yenye uzito ni machache tu. Chumba kina ukubwa gani na utakaa wapi ndani yake? Muziki utatoka wapi: simu, TV, kompyuta, santuri? Na je, unataka kununua mara moja ukamaliza, au unataka kitu utakachokijenga kidogo kidogo?

Niseme mapema ninakoelemea ili usome ukijua. Spika mbili nzuri bila sabufa zitakufurahisha kuliko sabufa kubwa inayobeba spika dhaifu. Mwimbaji, gitaa, kinanda, tarumbeta, hata sehemu kubwa ya ngoma zenyewe, vyote hutoka kwenye zile spika mbili za mbele. Sabufa inashughulika na tabaka la chini kabisa tu. Kwa hiyo katika kila ulinganisho hapa chini nauliza kwanza spika zikoje, besi baadaye.

Njia nne, na pale kila moja inapokwama

Ya kwanza ni seti kamili, ile ambayo wengi huiita "sabufa" kwa ujumla wake: boksi kubwa la besi lenye amplifaya, redio, mlango wa flashi na Bluetooth ndani yake, pamoja na spika ndogo mbili, nne au tano zinazochomekwa kwa nyuma. Kwa urahisi haina mpinzani. Unaitoa kwenye boksi, unachomeka, inaimba. Kasoro yake imejificha kwenye zile spika ndogo. Wufa (koni ya sauti nzito) ya inchi 3 haina uwezo wa kusukuma hewa ya kutosha chini ya hezi 150 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde; zikiwa chache, sauti ni nzito), kwa hiyo mtengenezaji analazimika kuipandisha sabufa ikutane nazo huko juu. Sasa sauti ya mwanamume huanzia karibu na hezi 100. Matokeo yake, nusu ya mwimbaji iko juu ya kabati na nusu nyingine iko sakafuni pembeni, na sikio linagundua. Ndiyo maana seti nyingi za aina hii zina ile besi nene inayonguruma kwa namna ileile kwenye kila wimbo, hata wimbo usiokuwa na besi kubwa.

Ya pili ni saundiba, ule mwamba mrefu mwembamba unaokaa chini ya TV, mara nyingi ukiwa na sabufa yake inayounganishwa bila waya. Kwa mazungumzo ya filamu, taarifa ya habari na mpira inafanya kazi vizuri kuliko spika za ndani ya TV, na haichukui nafasi. Kwenye muziki ndipo inapokwama, na sababu ni umbo lake. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya sauti ya njia mbili, yaani stirio, mwaka 1931, na kiini cha wazo lake hakijabadilika: masikio mawili yakipewa tofauti ndogo kati ya kushoto na kulia, akili hujijengea jukwaa zima mbele ya msikilizaji. Jukwaa hilo linahitaji spika zilizoachana. Ukikaa mita 3 kutoka kwenye saundiba yenye urefu chini ya mita moja, kushoto na kulia kwake vinakufikia karibu kutoka sehemu moja. Zipo saundiba zinazorusha sauti kwenye kuta ili kuudanganya upana, na kwa filamu ujanja huo unasaidia. Kwa muziki uliorekodiwa kwa stirio sijawahi kuona ukishinda spika mbili za kawaida zilizotenganishwa.

Ya tatu ni jozi ya spika zenye amplifaya ndani. Moja hubeba umeme, milango na vitufe. Nyingine huunganishwa nayo kwa waya. Mtengenezaji amekwisha kuoanisha amplifaya na spika, kwa hiyo hutaumiza kichwa na wati wala omu (kipimo cha ukinzani wa spika). Kati ya hizi kuna zile ambazo kila kitoa sauti, wufa na twita (ile ndogo ya sauti nyembamba), kina amplifaya yake peke yake; hizo ndizo zinazokaa mezani kwa watayarishaji wa muziki studioni. Jozi nzuri yenye wufa ya inchi 5 hushuka hadi hezi 55 au 60 bila kujikaza, na hapo tayari umeshapata sehemu kubwa ya muziki. Kabla ya kulipa, tazama mgongoni kama kuna tundu la kutolea sauti kwenda sabufa, kwa kawaida limeandikwa SUB OUT. Zisizo nalo zinakufungia mlango wa hatua inayofuata.

Ya nne ndiyo ya kizamani na bado ina nguvu: amplifaya peke yake, spika mbili zisizo na umeme ndani, na waya katikati. Ina vitu vingi zaidi, maamuzi mengi zaidi, na nyaya nyingi zaidi nyuma ya kabati. Lakini kila kipande kinajitegemea. Amplifaya ikifa, spika zinabaki. Ukitaka spika bora miaka mitano baadaye, unabadilisha spika tu. Spika ya aina hii haina bodi ya kuungua wala programu ya kupitwa na wakati, na ikitunzwa inaweza kudumu miongo kadhaa.

| | Seti ya sabufa | Saundiba | Spika zenye amplifaya | Amplifaya na spika |
|---|---|---|---|---|
| Kufunga | Dakika chache | Dakika chache | Nusu saa | Jioni moja |
| Upana wa stirio | Hafifu | Hafifu | Mzuri | Mzuri |
| Mazungumzo ya TV | Wastani | Nzuri sana | Nzuri | Nzuri |
| Kubadilisha sabufa | Haiwezekani | Mara nyingi haiwezekani | Ndiyo, kama kuna SUB OUT | Ndiyo |
| Kifaa kimoja kikifa | Seti nzima inakwama | Seti nzima inakwama | Jozi nzima inakwama | Unabadilisha hicho tu |

Ukinilazimisha kuchagua bila kunieleza chochote kuhusu nyumba yako, nitakuambia njia ya tatu kwa chumba kidogo na ya nne kwa sebule.

Namba zilizoandikwa kwenye boksi

Wati kwanza, kwa sababu ndizo zinazopotosha watu wengi. Ukiona PMPO, ipuuze. Hicho ni kilele cha kinadharia cha sehemu ndogo ya sekunde, na hakuna kanuni moja ya kukipima, kwa hiyo kila kiwanda huandika kinachokipendeza. Namba ya kulinganisha ni ile ya RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa mfululizo, na hata hiyo itazame vizuri: imepimwa kwa omu ngapi, na njia zote mbili zikifanya kazi pamoja au moja tu?

Halafu kuna hesabu ambayo wauzaji hawaipendi. Kuongeza nguvu mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), badiliko unalolisikia bila kushtuka. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili masikioni unahitaji kama desibeli 10, na hizo zinadai nguvu mara kumi. Tofauti ya amplifaya ya wati 50 na ya wati 60 haifiki hata desibeli moja. Usiache spika nzuri kwa ajili ya hizo wati kumi.

Namba inayostahili macho yako zaidi ni unyeti wa spika, ile inayosema spika inatoa desibeli ngapi ikipewa wati moja na kupimwa umbali wa mita moja. Spika nyingi za nyumbani ziko kati ya 84 na 90. Hizo desibeli 6 za tofauti zina maana kwamba ya 84 itataka nguvu mara nne ili ilingane kwa ukubwa wa sauti na ya 90. Kwa spika ya 87, wati moja tu inakupa desibeli 87 kwa mita moja. Ukikaa mita 3 nyuma zinapungua, lakini bado ni sauti ya kumlazimisha jirani yako wa kochi kupaza sauti kidogo. Kwa kusikiliza kwa kawaida unatumia wati chache mno. Zilizobaki ni akiba ya mapigo ya ghafla ya ngoma.

Omu zisikutishe. Spika za omu 8 na 6 zinaendeshwa na karibu amplifaya yoyote ya nyumbani. Za omu 4 huvuta mkondo mkubwa zaidi, kwa hiyo hakikisha kwamba mgongoni mwa amplifaya omu 4 zimetajwa kuwa zinaruhusiwa. Kuhusu aina ya amplifaya, zile za darasa D ni ndogo, hazipati joto sana, na hupoteza umeme kidogo. Zile za darasa AB ni nzito na zina joto lake. Ubishi juu ya ipi ina sauti tamu hauishi. Kwa mfumo wa kwanza mimi naangalia milango, rimoti na kama kuna SUB OUT, basi.

Masafa nayo yana mtego. Boksi likisema "hezi 20 hadi 20,000" bila kueleza zaidi, halijasema kitu; hicho ni kipimo cha sikio la binadamu kijana, wameliazima tu. Takwimu ya kweli huja na kiwango cha kuyumba, kwa mfano hezi 55 hadi 20,000 ndani ya desibeli 3 juu au chini.

Sabufa: ipi, na ikae wapi

Je, unaihitaji kweli? Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi unapiga karibu hezi 41. Kibonye cha chini kabisa cha piano ni hezi 27.5. Spika ya inchi 5 inayoishia hezi 55 inaikosa mizizi ya noti hizo, ingawa sikio kwa ujanja wake hujaza kutokana na sauti za juu zinazoambatana nazo. Spika ndefu za kusimama sakafuni hufika hezi 40 au chini kidogo. Kwa hiyo msikilizaji wa gitaa kavu, kwaya au mazungumzo anaweza kuishi miaka bila sabufa. Mwenye kupenda muziki wa dansi wa kompyuta, rege au filamu za milipuko ataitafuta tu, leo au kesho.

Ukubwa una sababu ya kifizikia nyuma yake. Kila unaposhuka oktavu moja, kwa mfano kutoka hezi 80 hadi 40, hewa inayopaswa kusukumwa ili sauti ibaki na ukubwa uleule huongezeka mara nne. Koni ya inchi 12 ina eneo zaidi ya mara mbili ya koni ya inchi 8. Kwa chumba cha kulala, inchi 8 zinatosha. Kwa sebule ya kawaida napendelea inchi 10. Inchi 12 zina maana kwenye chumba kikubwa au kilichofunguka kuelekea jikoni na korido, mahali ambapo besi humwagika na kupotea.

Kuna boksi lililofungwa pande zote na boksi lenye tundu. Lile lililofungwa ndilo lililomletea Edgar Villchur sifa mwaka 1954, pale spika ya AR-1 ilipoonyesha kwamba boksi dogo linaweza kutoa besi ya chini kwa kuitumia hewa iliyofungiwa ndani kama springi ya koni. Besi yake hupungua taratibu, desibeli 12 kwa kila oktavu, na mapigo hukatika safi. Lenye tundu hutumia hewa ya tunduni kuongeza nguvu karibu na masafa fulani, kwa hiyo kwa wati zilezile linakupa kishindo kikubwa zaidi. Likishapita hapo chini, linaporomoka kwa desibeli 24 kwa oktavu, na tundu lisiposanifiwa vizuri huanza kuhema. Kwa muziki, chumba kidogo, na sabufa itakayobanwa ukutani: lililofungwa. Kwa filamu na sherehe: lenye tundu. Kati ya mawili mabaya, yaani lililofungwa la bei ya chini kabisa na lenye tundu la bei ya chini kabisa, la tundu angalau litasikika.

Sasa pa kuiweka, na hapa ndipo watu hutupa pesa yao bila kujua. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8.6 hivi, mrefu kuliko vyumba vingi. Linapogonga ukuta na kurudi, linakutana na lenyewe. Kuna sehemu za chumba ambako linajumlishwa na sehemu ambako linafutika. Chumba chenye urefu wa mita 4 hulipandisha wimbi la karibu hezi 43, na mtu aliyekaa katikati kabisa ya urefu huo anakaa pale ambapo wimbi hilo halisikiki. Atalaumu sabufa. Atapandisha sauti, na jirani ndiye atakayeipata besi yote. Kusogeza kochi nusu mita nyuma au mbele kunaweza kufanya kazi ambayo sabufa ya bei mara mbili isingeifanya.

Linganisha hivi. Konani sabufa inapata msaada wa kuta mbili na sakafu, inasikika kubwa zaidi, na inaamsha miguno yote ya chumba, yaani yale mawimbi ambayo kuta huyapandisha, kwa pamoja. Katikati ya ukuta wa mbele inapungua nguvu lakini inakuwa nyororo zaidi, kwa sababu kuna miguno ambayo haiamshwi kutoka pale. Karibu na kochi unaisikia vizuri hata ikiwa imewekwa sauti ndogo, jambo zuri kwa mpangaji mwenye majirani. Hakuna jibu la wote, ila ipo njia ya kupata lako: iweke sabufa mahali unapokaa, hata juu ya kochi lenyewe, piga wimbo wenye besi inayotembea noti kwa noti, kisha tambaa kwa magoti kandokando ya kuta. Pale ambapo kila noti inasikika kwa uzito unaolingana na mwenzake, ndipo sabufa ikae. Utachekwa na watu wa nyumbani, acha wacheke.

Baada ya hapo, vitufe vitatu. Cha kwanza ni krosova, mpaka wa masafa ambapo spika zinamkabidhi sabufa kazi. Hezi 80 ni mahali pazuri pa kuanzia, kwani chini ya hapo sikio hupata shida kujua sauti inatoka upande gani, na sabufa inaweza kujificha. Hapa amplifaya zinatofautiana. Risiva ya sinema ya nyumbani, yaani amplifaya ya spika nyingi kwa ajili ya filamu, kwa kawaida huzikata spika besi na kuipeleka yote kwenye sabufa. Ukiwa nayo, kitufe cha krosova mgongoni mwa sabufa kizungushe hadi mwisho wa juu ili kazi hiyo isifanywe mara mbili. Amplifaya nyingi za stirio zenye SUB OUT hazikati chochote: spika zinaendelea kupiga hadi zinapochoka zenyewe, na sabufa inaongezwa juu yake. Hapo teremsha krosova karibu na pale spika zinapoishia, tuseme hezi 55 au 60, la sivyo besi ya katikati itavimba. Na kama amplifaya yako haina SUB OUT kabisa, tafuta sabufa yenye vituo vya waya za spika; unatoa waya nyingine kutoka kwenye vituo vilevile vya amplifaya na kuiunganisha humo.

Cha pili ni fezi, swichi ya 0 na 180. Kaa mahali pako, mwombe mtu aibadilishe huku wimbo ukipiga, na uiache palipo na besi kubwa zaidi. Cha tatu ni ukubwa wa sauti. Pandisha hadi uisikie sabufa kama kifaa, kisha teremsha hadi ipotee. Ukiizima, uhisi chumba kimepungua. Ikiwaka, usiweze kuonyesha kwa kidole iko wapi.

Spika zenyewe zikae vipi

Hili ni fupi kwa sababu halina ubishi. Umbali kati ya spika na spika ulingane takribani na umbali wa kila spika hadi kichwani pako, pembetatu yenye pande sawa. Twita ziwe usawa wa masikio. Zenye tundu mgongoni zisibanwe ukutani. Zigeuze kidogo zikuelekee na usikilize mwimbaji: anapaswa kusimama katikati, palipo tupu kabisa. Asiposimama, na besi ikawa imenyong'onyea, huenda nyaya za spika moja zimepishana. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili.

Kuhusu nyaya zenyewe: shaba halisi, milimita za mraba 1.5 kwa umbali mfupi na 2.5 ukivuka mita 7 au 8. Nyaya za alumini zilizopakwa shaba zina ukinzani mkubwa zaidi, basi chukua nene zaidi au ziache. Anayekuuzia waya wa bei ya spika anakuuzia maneno.

Hewani au kwa waya

Bluetooth inabana sauti. Kodeki (njia ya kubana sauti) yake ya msingi, SBC, kwa kawaida haizidi kilobiti 328 hivi kwa sekunde, wakati CD, iliyoingia sokoni 1982, hubeba kilobiti 1411. Kwenye karata ya uamuzi naipa tofauti hiyo uzito mdogo; kwenye mfumo wa kwanza spika na chumba vina makosa makubwa kuliko hilo. Kinachokera ni kuchelewa kwa sauti nyuma ya midomo unapotazama filamu, na simu kuita katikati ya wimbo. Kwa TV, tumia HDMI yenye ARC, iliyokuja na toleo la 1.4 mwaka 2009: waya mmoja unarudisha sauti kutoka TV, na rimoti ya TV inaongoza sauti ya mfumo. Kebo ya mwanga inafuata kwa ubora, ila rimoti ya TV kwa kawaida haitaongoza sauti kupitia hiyo.

Wa santuri wana sharti lao. Sindano ya kawaida hutoa milivolti chache tu, wakati CD hutoa volti 2 hivi. Bila mlango ulioandikwa PHONO, au kikuzaji chake kidogo cha pembeni, utasikia muziki mwembamba kama wa mbu.

Kwa hali yako

Chumba cha kulala au meza ya kazi, muziki kutoka simu na kompyuta: spika zenye amplifaya ndani, wufa ya inchi 4 au 5, na SUB OUT. Usinunue sabufa siku hiyohiyo. Sikiliza miezi miwili kwanza, maana chumba kidogo chenyewe huongeza besi na huenda usiihitaji.

Sebule ambayo muziki na TV vina haki sawa: amplifaya ya stirio yenye HDMI ARC na SUB OUT, spika za rafu za inchi 6 na nusu, kisha sabufa ya inchi 10. Bajeti ikibana, anza na amplifaya na spika, na sabufa ije mwakani. Kinyume chake, yaani kuanza na sabufa kubwa na spika za kuokoteza, ni mfumo utakaouchoka haraka.

Sebule ya filamu hasa, na huna hamu ya nyaya: saundiba yenye sabufa, bila aibu. Au risiva ya sinema ukiwa na nia ya kuongeza spika za nyuma siku moja.

Ua au ukumbi, watu wengi, sauti kubwa, redio na flashi mahali pamoja: hapo seti ya sabufa inarudi na heshima yake yote. Haikuundwa kwa ajili ya kumsikiliza mpiga gitaa akihema kati ya noti, na kwenye mkusanyiko hakuna anayetafuta hilo.

Mpya au iliyotumika

Bajeti ndogo hunufaika sana na vitu vilivyotumika, ila kwa kuchagua. Spika zisizo na umeme ndani ndizo salama zaidi kununua. Amplifaya ya zamani inahitaji masikio: washa, zungusha kitufe cha sauti polepole, sikiliza mikwaruzo, na uhakikishe pande zote mbili zinapiga sawa. Sabufa na spika zenye amplifaya ndani nazinunua zilizotumika kwa woga, kwa kuwa bodi yake ikifa, kupata nyingine ya modeli ileile ni kazi.

Ukifika kwa muuzaji, ondoa kitambaa cha mbele cha spika. Tazama ule ukingo unaoizunguka koni. Wa mpira hudumu; wa sponji huoza kwa miaka na kumeguka ukiugusa. Kisha weka vidole vinne vikiwa vimetawanyika kuzunguka kitovu cha koni na uisukume ndani taratibu, sawasawa pande zote. Ikirudi kimya, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) iko huru. Ikikwaruza, rudisha kitambaa chake na umshukuru mwenye spika kwa muda wake.